Simu ya mganga: ipige mapema, ipige vizuri

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayebaki nyumbani na watoto, ukurasa huu ni wenu wote wawili. Mara nyingi tumezungumza hapa juu ya kofia, viatu, vumbi na ngazi. Leo tunazungumza juu ya chombo ambacho nyumba nyingi zinacho, nacho kinaweza kuokoa maisha kama kofia inavyookoa kichwa. Chombo hicho ni simu.

Wengine watacheka. Watasema: simu ni ya kusalimia jamaa na kupokea pesa, tangu lini simu ikatibu mgonjwa? Ni kweli, simu haina sindano wala dawa. Lakini inaweza kumfikisha daktari masikioni mwa mganga wa kituo kilichoko mbali, kwa dakika mbili, mahali ambapo gari lingechukua siku nzima, tena ikiwa barabara inapitika.

Fikiri juu ya nchi yetu ya Fizi. Baraka iko ufukweni mwa ziwa Tanganyika, Fizi yenyewe iko juu mlimani. Kule ng'ambo ya ghuba kuna rasi ya Ubwari, watu wake husafiri kwa mtumbwi. Ukishika njia ya kwenda Misisi na Lulimba, wakati wa mvua lori linaweza kulala matopeni siku mbili au tatu. Minembwe iko juu kabisa, huko watu wengi hutembea kwa miguu. Na kuna siku ambazo njia inafungwa, si kwa mvua bali kwa bunduki. Mgonjwa hawezi kungoja mpaka haya yote yatulie.

MARADHI MATATU YALIYOTUFUNDISHA

La kwanza ni kipindupindu. Watu husikia neno janga la dunia wakafikiri ni korona tu. Kumbe kipindupindu nacho ni janga la dunia, la saba kwa hesabu ya wataalamu. Lilianza Indonesia mwaka 1961 na halijakwisha hadi leo. Katika mashariki ya Kongo linarudi tena na tena tangu miaka ya 1970, na pwani za maziwa yetu, pamoja na Baraka na Fizi, ni makao yake. Kipindupindu kinaweza kumwua mtu mzima mwenye nguvu kwa saa chache, kwa kumkausha maji ya mwili.

La pili ni korona. Mgonjwa wa kwanza katika nchi yetu alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Siku iliyofuata, Shirika la Afya Duniani, OMS, likasema kwamba ugonjwa huo umekuwa janga la dunia nzima. Tarehe 24 Machi Rais Tshisekedi akatangaza hali ya dharura. Mkumbuke wenyewe yaliyofuata: safari zilizuiliwa, bei zilipanda, na watu wengi waliogopa kwenda hospitali. Mwenye malaria alibaki nyumbani kwa kuhofia kuitwa mwenye korona. Mama mjamzito aliogopa kupimwa. OMS iliondoa dharura ya korona tarehe 5 Mei 2023, lakini fundisho lilibaki: hofu ya hospitali inaweza kuua kama ugonjwa wenyewe.

La tatu ni mpox, na hili linatuhusu sana sisi watu wa migodi. Mnamo Septemba 2023 ulianza kuonekana Kamituga, mji wa dhahabu katika mkoa wetu huu wa Kivu ya Kusini. Wataalamu wakagundua virusi vya tawi jipya, wakaliita Ib. Kutoka Kamituga ulisafiri pamoja na watu, kwa sababu mgodi ni mahali pa watu wanaokuja na kuondoka. Tarehe 14 Agosti 2024 OMS ikatangaza dharura ya kimataifa. Dharura hiyo iliondolewa tarehe 5 Septemba 2025, lakini kuondolewa kwa dharura si kumalizika kwa ugonjwa. Vipele vyenye usaha, homa na uvimbe wa tezi za shingoni au za kinena ni lazima vionwe na mganga hata leo.

Maradhi haya matatu hayafanani, lakini yote yanataka jambo moja. Habari za mgonjwa zifike kwa mganga kabla mgonjwa hajazunguka njiani, na ushauri wa mganga urudi haraka. Kazi hiyo simu inaiweza.

SI JAMBO GENI

Msifikiri kwamba kutibu kwa sauti kulianza na simu za mkononi. Kule Australia, nchi kubwa yenye mashamba yaliyo mbali sana na miji, kazi ya madaktari wa ndege ilianza mwaka 1928. Mwaka 1929 fundi Alfred Traeger alitengeneza redio iliyopata umeme kwa kukanyaga pedali kama za baiskeli. Mtu wa shambani alikanyaga, akaongea, daktari akajibu. Baadaye, tangu mwaka 1942, mashamba yalipewa sanduku la dawa zenye namba. Daktari alisema katika redio: mpe dawa ya namba fulani, kiasi fulani. Yule wa shambani hakuhitaji kujua majina magumu ya dawa, alihitaji tu kusikiliza vizuri na kusoma namba.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, madaktari wa ndege wa AMREF walianza Nairobi mwaka 1957. Nao walitumia redio kuzungumza na hospitali za mbali, kutoa shauri na kujua mgonjwa yupi anastahili kufuatwa kwa ndege. Na wazee wenu wa hapa wanaijua foni. Kabla ya minara ya simu, foni za misioni na za hospitali ndizo zilizobeba habari: mama ameshindwa kujifungua, dawa zimekwisha, ugonjwa wa kuhara umeingia kijijini. Kwa hiyo tunaloeleza leo ni kazi ile ile ya foni, ila sasa chombo kimo mfukoni mwako.

Wakati wa korona kazi hii ilipanuka duniani kote. Huko Marekani, vituo vya afya vya jamii, ambavyo hutibu watu wenye kipato kidogo, vilivyoweza kutoa huduma kwa simu au kwa video mwaka 2019 vilikuwa asilimia 43. Katikati ya mwaka 2020 vilivyotumia njia hiyo vilifika asilimia 95. Kwa muda wa miezi michache tu, jambo lililokuwa la wachache likawa la karibu wote.

Jirani zetu wa Rwanda walikuwa wametangulia. Tangu mwaka 2016 kampuni moja iitwayo Babyl iliwawezesha watu kuomba mganga kwa simu ya kawaida, hata ile ndogo isiyo na picha, kisha mganga akawapigia. Watu wengi walijiandikisha. Lakini mwaka 2023 kampuni mama ya Uingereza ilianguka, na huduma ile ikafungwa. Tulitazame jambo hili kwa makini. Watu walipenda huduma, lakini mzizi wake ulikuwa mbali.

Hapa Baraka pia tunajua jambo la namna hiyo. Kwa zaidi ya miaka kumi Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walifanya kazi kubwa hospitalini na katika kupambana na kipindupindu. Mwishoni mwa mwaka 2020 walilazimika kuacha kazi zao Fizi kwa sababu ya usalama. Wageni husaidia, tunawashukuru, lakini mgeni ana siku ya kuondoka. Mnyororo wa simu unaojengwa na watu wenyewe, yaani reko wa kijiji, mganga wa kituo, daktari wa hospitali na jamaa za wagonjwa, huo hauondoki.

NJIA YA SIMU INAVYOKWENDA

Nchi yetu imegawanywa katika zoni za afya 519, na mkoa wetu unazo 34. Katika kila zoni kuna hospitali kuu ya rufaa, chini yake vituo vya afya, na katika vijiji kuna wahudumu wa jamii ambao tunawaita reko. Simu yafaa ifuate ngazi hiyo hiyo.

Wewe unampigia reko au mganga wa kituo kilicho karibu. Ikiwa uko kambini, unapiga kwenye dispensari ya kampuni. Mganga anakusikiliza, na mara nyingi atamaliza shauri yeye mwenyewe. Jambo likimshinda, yeye ndiye anayempigia daktari wa hospitali, kwa sababu anajua maneno ambayo daktari anataka kusikia, na amemwona mgonjwa kwa macho na kumgusa kwa mikono.

Msiruke ngazi. Watu mia wakimpigia daktari mmoja kwa siku, daktari hatapata nafasi ya kushika kisu wala ya kumtazama mgonjwa aliyelala mbele yake. Na yule ambaye kweli anakufa atakuta simu inatumika.

MFANO WA MAZUNGUMZO

Ili mjue namna inavyofanyika, someni mfano huu. Mtoto ameletwa kituoni, mganga anampigia daktari.

Mganga: Jambo Dokta. Nina mtoto wa kiume wa miezi 14, kilo 9. Ana homa na kikohozi siku ya tatu leo.

Daktari: Jambo sana. Umehesabu pumzi?

Mganga: Ndiyo, dakika nzima, akiwa ametulia kifuani kwa mama yake. Ni 48.

Daktari: Chini ya kifua panaingia ndani anapovuta hewa?

Mganga: Hapana, Dokta.

Daktari: Ananyonya? Anatapika kila kitu? Ameshikwa na degedege?

Mganga: Ananyonya vizuri. Hatapiki, hana degedege. Kipimo cha malaria hakionyeshi malaria.

Daktari: Vizuri. Hiyo ni nimonia isiyo kali. Amoksisilini unayo? Basi mtibu hapo hapo kwa uzito wake, mwambie mama amalize dawa zote, na umwone tena baada ya siku mbili. Akishindwa kunyonya, au kifua kikianza kuingia ndani, usipige simu kwanza. Mlete, upige mkiwa njiani.

Mganga: Nimeandika, Dokta. Narudia ulivyosema ...

Angalieni mambo matatu. Mganga alikuwa na hesabu mkononi kabla ya kupiga. Daktari aliuliza yale tu yanayobadili uamuzi. Na mganga alirudia maagizo ili kosa la kusikia lisije likawa kosa la dawa. Mtoto hakusafiri bure, mama hakuuza kuku wake kwa ajili ya nauli, na bado ulinzi wa mtoto haukupungua.

Hata mama nyumbani anaweza kuhesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala kunyonya. Tazama tumbo au kifua kikipanda, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Pumzi ni za haraka mno zikifika 60 kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, zikifika 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na zikifika 40 kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5. Mtoto wa namna hiyo aende kituoni siku hiyo hiyo.

KABLA YA KUPIGA, UWE NA MAMBO SABA

1. Mgonjwa ni nani: umri wake, mume au mke, na kama ni mama, ana mimba au hana.

2. Ugonjwa ulianza siku gani, saa ngapi.

3. Kinachomsumbua zaidi ni nini. Sema kimoja kwanza, vingine vifuate.

4. Ameharisha mara ngapi, ametapika mara ngapi, amekojoa lini mara ya mwisho.

5. Dawa gani amekwisha kunywa, za dukani na za miti pia. Usifiche. Mganga hakukemei, anataka asikupe dawa itakayogongana na nyingine.

6. Je, nyumbani au kazini kuna mwingine mwenye dalili kama hizo? Swali hili ndilo linalogundua kipindupindu na mpox mapema.

7. Mko wapi, na mnaweza kusafiri kwa njia gani: pikipiki, mtumbwi, au machela.

Ukikosa yuniti, bipu. Mganga atakurudia. Lakini usibipu mara ishirini, maana unaweza kumzuia anayepiga kwa dakika hiyo hiyo. Na ukipigiwa, kaa mahali penye mtandao. Wengi wetu tunajua kilima au jiwe ambapo simu inashika. Mjulishe mkeo na watoto wakubwa mahali hapo, mchana na usiku.

SAA YA KUTONGOJA SIMU

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo simu inaweza kudhuru. Kuna magonjwa ambayo ukikaa kutafuta mtandao unampoteza mtu. Kwa haya, ondoka kwanza, kisha mwingine apige simu wakati mko njiani, ili kituo kiandae kitanda, dripu na mtu wa kuwapokea:

Mtu anayeharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, tena mengi. Mpe maji ya chumvi na sukari tangu nyumbani na njiani, usingoje. Ikiwa pakiti ya dawa ya kuhara haipo, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Akitapika, ngoja dakika kumi, uanze tena kidogo kidogo.

Mama mjamzito anayetoka damu, mwenye degedege, mwenye kichwa kinachouma sana na macho yanayoona giza, au mwenye uchungu uliopita usiku na mchana.

Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, aliyelegea, au mwenye degedege.

Mtu anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi. Vituo vingine vina kipimo kidogo cha oksijeni kinachobana kidole. Kikionyesha chini ya 90, huyo anahitaji oksijeni, si maneno.

Mfanyakazi aliyeangukiwa na jiwe, aliyevuta moshi wa baruti, au aliyepoteza fahamu hata kwa muda mfupi.

Pia kuna mambo ambayo simu haiwezi kabisa. Haiwezi kupima makohozi. Ndugu mfanyakazi, ukikohoa zaidi ya wiki mbili, wewe unayekula vumbi la mawe kila siku, njoo upimwe kifua kikuu. Usipige simu kuomba dawa ya kikohozi.

SIMU NI YA NANI?

Sasa tuseme jambo ambalo katika nyumba nyingi halisemwi. Nyumba ina simu moja. Simu hiyo ni ya baba. Baba anakwenda mgodini saa kumi na moja alfajiri, anarudi jioni, na simu anayo yeye. Mtoto akishikwa na homa saa tatu asubuhi, mama hana la kufanya ila kumbeba kutafuta jirani mwenye simu, au kungoja. Kwa kipindupindu, tangu saa tatu hadi jioni ni muda wa kutosha kuchimba kaburi.

Baba, tunakuuliza bila kukusengenya: huko ndani ya mgodi simu yako inafanya kazi gani? Chini ya ardhi hakuna mtandao. Tena panapotumika detoneta za umeme, simu ni hatari, kwa kuwa mawimbi yake yanaweza kuziamsha kabla ya wakati. Ndiyo maana simu hazitakiwi karibu na mahali pa kupasulia mwamba. Unaibeba, unaiacha kwa mlinzi, inalala humo siku nzima, na huku nyumbani inatakiwa.

Shauri letu ni rahisi. Siku ya kazi, simu ibaki nyumbani, ikiwa na chaji. Namba ya dispensari, ya mganga wa kituo na ya reko ziandikwe kwa makaa au kwa chokaa ukutani, kwa maana simu inaweza kuzimika lakini ukuta hauzimiki. Mama afundishwe kupiga, hata kama hasomi, kwa kumwekea namba ya mganga kwenye kitufe kimoja. Na nyumbani wakikuhitaji ukiwa kazini, wapige kwa kapita au kwa mlinzi wa lango, nao watakuita.

Wengine wanaona vigumu kumwachia mke simu. Wanasema zina siri, zina pesa. Ndugu, pesa zina namba ya siri. Na kama kuna siri nyingine, hiyo haina thamani ya mtoto.

HESHIMA YA MGONJWA

Siku hizi mganga anaweza kupiga picha ya vipele na kumtumia daktari kwa WhatsApp. Jambo hili limesaidia katika mpox, kwa sababu mpox, tetekuwanga na surua huweza kufanana machoni pa asiyezoea. Lakini picha ya mgonjwa ni mwili wa mgonjwa. Mganga aombe ruhusa kwanza, asipige uso pasipo lazima, aitume kwa daktari peke yake, kisha aifute. Na wewe jirani, usimpige picha mgonjwa na kuitupa katika grupu. Ukifanya hivyo, mwenye vipele wa pili atajificha, na kutoka mafichoni ataambukiza kambi nzima.

Tena mpox si hukumu juu ya mwenendo wa mtu. Unaambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, kwa kukutana kimwili, na pia kwa shuka na nguo za mgonjwa. Mtoto anaupata kwa mama, mfanyakazi anaupata kwa kulala kitanda kimoja na mwenzake wa zamu. Ukiona kipele usichokijua, usivae glovu ukaingia kazini. Piga simu, kaa peke yako, tumia sahani na shuka zako mwenyewe, ungoje maelezo. Kawaida mgonjwa hutengwa mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya itoke.

Kuna hatari nyingine. Mtu asiyejulikana anaweza kupiga akijiita daktari, akasema ana dawa ya kila ugonjwa, umtumie pesa kwa simu. Mganga wa kweli hakuuzii dawa kwa simu wala haombi namba yako ya siri. Kata simu hiyo, uwajulishe wengine.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, nikipiga simu kusema ninaumwa, nitafukuzwa kazi? Simu hiyo ni ya mganga, si ya ofisi ya malipo. Linalomhusu kapita ni moja tu: unaweza kufanya kazi leo au huwezi. Jina la ugonjwa ni lako na la mganga. Na tazama kinyume chake: mfanyakazi anayeingia kazini akiharisha anaweza kuwalaza wenzake kumi, wote wakakosa siku zao.

Je, mganga wa simu akisema ninywe maji na kupumzika, si amenidharau? Hapana. Si kila homa inataka sindano, na si kila kikohozi kinataka antibiotiki. Cha maana ni kwamba amekuuliza na umejua dalili ipi ikitokea uondoke nyumbani. Usikate simu kabla hujamwuliza: nikiona nini, nije?

Je, mtandao ukianguka siku nyingi? Hapo tunarudi kwenye njia ya wazee: barua kwa mwenye pikipiki, au mtu mwenye miguu mepesi. Andika yale mambo saba katika karatasi. Karatasi iliyoandikwa vizuri ni simu isiyohitaji chaji. Foni ya kituo, kama ipo na inafanya kazi, nayo isitupwe.

KAZI YA WIKI HII

Tunaomba kila nyumba ya kambi ifanye mambo manne kabla ya Jumapili. Moja, andikeni namba tatu ukutani. Mbili, kubalianeni baba na mama simu itakaa wapi siku ya kazi, na nani ataipeleka kuchajiwa. Tatu, wekeni akiba ndogo ya yuniti isiyoguswa, kama mnavyoweka akiba ya unga. Nne, mkubaliane na majirani watano: machela iko kwa nani, pikipiki iko kwa nani, na nani atabaki na watoto ikibidi kuondoka usiku.

Reko wa mtaa atapita kuuliza kama mambo hayo yamefanyika. Mpokeeni vizuri. Asiyekuwa na simu amwambie reko, ili jina lake liandikwe pamoja na la jirani atakayempigia.

Ugonjwa wa mlipuko mwingine utakuja, leo au mwakani, kwa ziwa au kwa barabara. Hatujui jina lake. Lakini ukikuta namba ziko ukutani, simu ina chaji na mama anajua kupiga, utapata kazi kubwa kutuangusha.

Piga mapema. Sema kweli. Rudia uliyoambiwa. Na ukiambiwa njoo, njoo.